Rais na Makamu Wasiosalimiana

Nilipomwambia mama yangu kwamba nimepata kazi ya likizo Kakuma, alifurahi. Nilipomwambia kwamba kazi yenyewe ni kuwafundisha wakimbizi jinsi taifa la Marekani lilivyoanzishwa, aliacha kupepeta mtama akanitazama.

"Kwani Wamarekani wenyewe wamesahau?"

Nikaenda kufunga mizigo.

Nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Lodwar. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimeanzisha masomo ya stashahada kwa watu wa kambini kwa njia ya mtandao, nacho kilitaka mwalimu wa kukaa na wanafunzi ana kwa ana, kwa sababu mtandao wa Kakuma una tabia ya kwenda zake bila kuaga. Bwana aliyenihoji alizungumza Kiingereza tu, hata alipokuwa akiagiza maji ya kunywa. Aliniuliza kama naijua historia ya Marekani. Nikasema naijua, na haukuwa uongo. Kidato cha nne tunafundisha serikali ya Marekani, pamoja na ya Uingereza na ya India, mbio mbio, mtihani ukiwa umeshabisha hodi. Niliijua Marekani kama unavyomjua jirani wa kusalimiana naye kisimani: jina la baba yake unalijua, shida zake huzijui.

Darasa letu lilikuwa chumba cha mabati chenye madirisha mawili na mlango mmoja. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengi wakinizidi umri. Kozi iliandikwa kwa Kiingereza, lakini tulipotaka kuelewana kweli tulisema Kiswahili, kila mtu na chake. Palikuwa na Kiswahili cha Kongo, palikuwa na kile cha Juba kilichotiwa Kiarabu, palikuwa na Sheng ya vijana, na palikuwa na changu cha Lodwar, ambacho mtu wa Mombasa akikisikia huniombea dua.

Mtu niliyemwona kwanza siku ile alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye kibanda cha chai sokoni, tena kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Alikaa benchi la mlangoni. Benchi la dirishani, mbali naye kadiri chumba kilivyoruhusu, alikaa fundi cherehani kutoka Kongo, mtu nadhifu ajabu. Hata katika vumbi la Kakuma suruali yake ilikuwa na mkunjo wa kukata mkate.

Hawa wawili hawakuwa wakisalimiana, na sababu yake kambi nzima ilikuwa ikiijua. Fundi ndiye aliyeshona sare za kwaya kwa ajili ya Pasaka, na sare zikatoka zimebana mikono. Kwaya ilipofika kwenye wimbo wa kuinua mikono kumsifu Bwana, mikono iliishia kifuani. Mama akasema mbele ya waumini kwamba fundi amewafunga wana wa Mungu kamba. Fundi akajibu, mbele ya waumini walewale, kwamba yeye alipima watu wembamba, wakaja kuvaa watu wanene. Tangu hapo wakikutana njiani kila mmoja aliona nguzo ya stima.

Kati yao aliketi mzee wa Kiturkana wa Kakuma mjini, askari mstaafu. Wenyeji nao walipewa nafasi chache kwenye kozi, naye akachukua moja. Alikuja na kigoda chake cha mbao, akisema kwamba mabenchi yale yalitengenezwa na mtu asiye na mgongo.

Somo la kwanza lilihusu chai. Nilieleza kwamba Marekani ilianza kama makoloni kumi na matatu chini ya mfalme wa Uingereza, kwamba walitozwa kodi bila kuulizwa, na kwamba watu wa Boston walipanda melini wakamwaga shehena nzima ya chai baharini.

"Chai yote?" akauliza mama.

"Yote."

"Na hakuna mtu alichukua kidogo tu, apeleke nyumbani kwa watoto?"

Nikamwambia nimesoma kwamba waliojaribu kuificha mifukoni walishikwa na wenzao na kuaibishwa.

"Wala!" Aligeukia darasa zima, kama anayetafuta mashahidi. "Watu wakasirikie kodi, waadhibu chai? Mwalimu, hiyo serikali ilianza vibaya."

Mzee aliuliza walikuwa wamevaaje. Nikasema baadhi yao walijipaka masizi na kuvaa kama wenyeji wa nchi ile, wale waliokuwapo kabla ya Wazungu kufika. Mzee akacheka mpaka kigoda kikayumba.

"Hiyo naijua! Unaiba ng'ombe, unaacha kiatu ya jirani pale kwa boma. Asubuhi wanafuata jirani." Akajipangusa machozi. "Hii watu ilikuwa wezi wa kweli. Endelea, mwalimu. Sasa naipenda hii historia."

Nilikuwa nimeifundisha habari ya chai kwa miaka, na wanafunzi wangu wa Lodwar waliinakili kimya. Sikuwahi kufundisha darasa linalotaka kujua kama kulikuwa na sukari.

Tulipofika kwenye kuandikwa kwa katiba, kozi ilitutaka tufanye zoezi: darasa liwe mkutano wa katiba, lijiandikie sheria zake na kumchagua kiongozi. Niliwasimulia jinsi wajumbe walivyokutana Filadelfia wakati wa joto kali, wakafunga milango na madirisha ili watu wa nje wasisikie wanayobishania.

Fundi akasimama. "Mwalimu, kama ni kufanya, tufanye kabisa. Na siye tufunge."

"Fundi, hapa ni Kakuma."

"Kama wao baliweza, siye tutashindwa na nini?"

Mama alimtazama mzee, maana fundi hakuwa akitazamwa. "Mwambie huyo mtu tufunge. Tuone nani atatoka kwanza."

Basi tukafunga. Jua lilikuwa utosini na mabati yalikuwa yanalia. Kifungu cha jina la darasa kilijadiliwa kwa heshima. Kifungu cha kuchelewa kilijadiliwa kwa hasira. Kufika kifungu cha nani afagie, mzee alikuwa amevua shati, kijana mmoja wa Sheng alikuwa amelala chali sakafuni akisema "tumekwisha, maze," na fundi, ambaye jasho lilikuwa limeufuta mkunjo wa suruali yake, alikuwa akiunga mkono kila pendekezo kabla halijamalizika kusemwa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuomba mlango ufunguliwe. Mwisho mama alisema, "Kalas, mengine Mungu atajaza," nasi tukapitisha katiba kwa kauli moja na kukimbilia nje.

Mzee alisimama kwenye upepo, shati mkononi. "Sasa nimeelewa," alisema, "kwa nini katiba yao ni fupi."

Si kila siku tulicheka. Nilipoeleza kwamba katika kuhesabu watu wa kila jimbo, wajumbe wale walikubaliana kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu, kalamu zote zilisimama. Nilidhani hawajanielewa, nikaanza kurudia. Mama akanizuia kwa mkono.

"Tumesikia. Hao watumwa walipiga kura?"

"Hapana."

"Kwa hiyo waliwahesabu ili wenyewe wapate viti."

"Ndiyo."

"Sisi huku tunahesabiwa kila wakati. Tunapanga mstari, tunaweka kidole. Lakini wananihesabu mzima." Alifungua daftari lake akaandika kitu, na wengine wote nao wakainama kuandika. Siku ile tulimaliza mapema.

Uchaguzi ndio ulioleta balaa, na balaa lilikuwa langu. Niliona itakuwa vizuri tutumie utaratibu wa Marekani ya mwanzo kabisa: kila mpiga kura anapiga kura mbili, atakayeongoza anakuwa rais, na wa pili anakuwa makamu wake. Niliwaambia hata kwamba utaratibu huo uliwahi kuwaletea Wamarekani rais wa upande mmoja na makamu wa upande mwingine, wapinzani kabisa, wakakaa serikali moja kama paka na panya kwenye gunia. Darasa lilicheka sana. Nami nilicheka. Kisha tukapiga kura, mama akawa rais, fundi akawa makamu.

Kicheko kilikatika kama kilichomwagiwa maji.

Kwa kuwa hawakuwa wakisemezana, serikali yetu iliendeshwa kupitia kwa mzee. Wote watatu walikuwa wakiketi hatua chache tu kutoka mmoja kwa mwingine, lakini maneno yalizunguka kama barua ya ofisini.

"Mzee, muulize rais, kazi yangu njo gani?" alisema fundi juma la kwanza.

"Anauliza kazi yake ni gani," mzee akamwambia mama.

"Mwambie asome katiba. Kazi ya makamu ni kungoja nife."

Mzee akamgeukia fundi kwa upole wote. "Anasema ungoje."

Fundi hakungoja. Alianzisha chama. Nilikuwa nimetoka kuwafundisha jinsi vyama vilivyozaliwa Marekani, upande mmoja ukitaka serikali kuu yenye nguvu, upande wa pili ukitaka majimbo yaachiwe mambo yao, na magazeti yao yakitukanana mpaka wino ukaona haya. Fundi alichukua hoja ya pili. Chama chake kilikuwa benchi la dirishani, na sera yake ilikuwa kwamba benchi la mlangoni linapata upepo wote wa jamhuri. Akatoa gazeti pia, karatasi moja iliyobandikwa kwa plasta ukutani. Toleo la kwanza lilisema kwamba rais anaongoza darasa kama kwaya, na kwamba kwaya yenyewe kila mtu ameisikia.

Mama alilisoma mbele ya wote, kwa sauti, akasahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu, akalirudisha ukutani.

"Yule rais wa kwanza alisema nini kuhusu vyama?" aliniuliza.

"Alipokuwa anaondoka aliwaonya kwamba vyama vitawagawanya."

"Wakamsikia?"

"Hawakumsikia."

"Basi walikuwa watu wa kawaida," alisema, kama aliyepunguziwa wasiwasi.

Kisha mtoto wa dada yake akaolewa upande wa pili wa mpaka, naye akalazimika kusafiri. Ufunguo wa darasa ulikuwa ukining'inia shingoni mwa rais kwa uzi, na katiba ilisema wazi kwamba rais asipokuwepo, makamu ndiye anayeushika. Siku ya kuondoka alikuja amevaa nguo ya safari. Darasa zima lilijifanya kusoma. Mzee aliinua mkono kuupokea ufunguo ili aupitishe kama kawaida, lakini mama alimpita, akasimama mbele ya fundi.

"Shika," alisema.

Fundi alisimama, akaupokea kwa mikono miwili. "Usafiri salama, mama."

"Nimesikia."

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu Pasaka. Gari la kwenda Lokichoggio na Nadapal, mpakani, lilikuwa linapiga honi barabarani, akaenda.

Tulitarajia fundi atatawala kama mfalme. Siku ya kwanza alihamisha chama chake chote benchi la mlangoni. Siku ya pili aligundua jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua, mimi nikiwa wa kwanza: kwamba kabla hatujafika asubuhi, rais alikuwa akifagia vumbi lililoingia usiku, akijaza maji ya kunywa kwenye jagi, akimfukuza mbuzi wa mzee aliyependa kulala chini ya meza yangu, akifuta paneli ya sola, kisha akienda kwa jirani mwenye simu kubwa kumbembeleza atugawie mtandao. Katiba haikutaja lolote kati ya hayo. Kifungu cha kufagia tulikiruka kwa sababu ya joto.

Mvua ikanyesha upande wa mpaka, laga, ile mito ya msimu, zikajaa, magari yakakwama. Mama hakurudi siku iliyotarajiwa. Fundi alianza kuja darasani na vumbi kwenye nyusi. Kila nilipomaliza kipindi aliniuliza kama barabara imefunguliwa.

"Unamhitaji wa nini, fundi? Si wewe ndiye rais sasa?"

"Mwalimu, miye niko mushonaji. Yule mbuzi ananiangalia vibaya."

Siku aliporudi mama, fundi alitoka nje kumpokea na kumshikia mfuko. Watu wa chama chake walitazamana. Mmoja wao alilivua lile gazeti ukutani polepole, bila kuambiwa.

Kozi ya kwanza ilikuwa inaisha, na somo la mwisho lilihusu kung'atuka kwa rais wa kwanza wa Marekani. Nilisema kwamba alitawala mihula miwili, angeweza kuendelea, hakuna sheria iliyomkataza, lakini aliamua kurudi nyumbani kwake shambani.

Mwanafunzi mmoja kijana, wa Sudan Kusini kama mama, aliinua mkono. "Nani alimfukuza?"

"Hakuna."

"Jeshi lilimkataa?"

"Jeshi lilimpenda. Ndiye aliyeliongoza vitani."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa amechoka, lakini hakuwa mgonjwa."

"Basi ni bibi yake alimwambia," alisema kijana, na darasa lilikubali kwamba hilo linawezekana.

Nikaongeza, maana isingekuwa haki kuficha, kwamba shamba lenyewe lililimwa na watumwa. Mzee akaguna. "Kumbe ndiyo maana hakuogopa kurudi. Kazi ilikuwa na wenyewe." Lakini yule kijana hakuwa akisikiliza. Alikuwa bado anatazama ubao kama kwamba nimeandika hesabu isiyotoka. "Alienda tu," alisema kwa sauti ndogo. "Alitoka kwa kiti, akaenda nyumbani. Na huyo mwingine akakaa. Na hakuna mtu alikufa."

"Hakuna mtu alikufa," nilisema.

Hapo mama akasimama na kusema kwamba basi na yeye anaenda nyumbani. Kibanda chake kimedorora kwa sababu ya urais, na wateja wameanza kunywa chai kwingine. Achaguliwe mtu mwingine kwa kozi ya pili.

Aliyeruka wa kwanza kupinga alikuwa fundi.

"Hapana! Mama, hapana! Katiba haikukatazi!"

"Lakini sitaki."

"Nani alikuuliza unataka? Batu wanakupenda!" Akageukia benchi lake. "Si ndivyo? Semeni!" Na chama kizima cha upinzani kikapaza sauti kumsihi rais asiondoke. Sijawahi kuona upinzani wa namna hiyo katika kitabu chochote. Alijua, maskini, kwamba akiondoka mama hapana mwingine wa kumkabidhi isipokuwa yeye.

Mama alikunja mikono, akatabasamu kwa mara ya kwanza kuelekea upande ule wa chumba. "Fundi, mimi nimefanya kama yule wa Marekani. Wewe fanya kama yule makamu wake, ukae kitini."

Walimchagua fundi kwa kelele, yeye akiwa anaelekea mlangoni. Alikubali kwa sharti moja: katiba irekebishwe, rais na makamu wapigiwe kura pamoja, watu wanaopatana. Nikawaambia kwamba Wamarekani nao walifanya marekebisho hayohayo, baada ya kuungua kwanza. Makamu aliyemtaka alikuwa mzee, kwa sababu, alisema, amezoea kazi ya serikali yote.

Siku ya kiapo mama alileta birika kubwa la chai na Biblia ya kwaya. Ndiye aliyeishika, fundi akaweka mkono juu, amevaa koti licha ya jua. Alipofika katikati ya kiapo upepo wa vumbi ulivuma ghafla, kama uvumavyo Kakuma bila sababu, ukalinyanyua bati moja la paa likaanza kupigapiga. Watu walishika vikombe. Mzee alishika kigoda. Mama alinirushia Biblia, akapanda benchi na viatu vyake vyote, akalidaka bati kwa ncha na kuanza kutoa amri: wewe leta waya, wewe funga dirisha, wewe acha kulinda mandazi.

Fundi alisimama chini yake, mkono bado hewani. "Mama," alisema, "sasa rais ni miye."

"Sawa, mheshimiwa," alisema mama, bila kuliachia bati. "Panda ushike upande ule."

Akavua koti, akapanda.